Ukuta wa Shibe

Serikali ilikuwa imeamuru unga wote uchanganywe na bariamu, poda nyeupe isiyoyeyuka tumboni wala kupenywa na eksirei, ili ukuta wa eksirei uliofungwa katika kila jiko uonyeshe nani amekula. Wa kwa Siwatu uliwashwa Jumapili mchana, na watoto wakasukumana kwa furaha kuona ugali ukishuka matumboni mwao, mweupe kama chokaa.

“Sasa zamu ya bibi.”

“Mimi nilikula nikipika, wajukuu zangu. Nimeshiba,” alisema Bi Zaina, mama mkwe wa Siwatu, kama kawaida yake.

Wakamvuta mkono, wakicheka, hadi mbele ya ukuta. Tumbo lake lilikuwa jeusi tii.

“Mashine yenu mbovu,” alisema, akarudi kuosha sufuria.

Siwatu, aliyekuwa bado anakula, akalirudisha sahanini tonge alilokuwa amelishika. Lilikuwa la ugali wa nyongeza, ambao Bi Zaina humpakulia kila siku.