Bi Korongo na Upepo

Alikuwapo Bi Korongo ambaye mumewe akikohoa tu, yeye husikia jina la mke mwenza. Mume alikuwa akiruka kwenda kuvua samaki katika ziwa la mbali. Kwenda, alisema, ni saa chache. Kurudi humla mchana kutwa.

"Kwani njia si ile ile?" akafoka Bi Korongo. "Unapitia kwa nani?"

"Ni upepo, mke wangu. Kwenda hunisukuma, kurudi hunizuia."

"Na huyo Upepo anakaa wapi?"

Alfajiri moja akaenda kuipima njia mwenyewe. Akafika upesi, jua halijapanda. "Nimempata mwongo!" akasema, akageuka kurudi papo hapo.

Upepo ukamkaba kifua. Aliingia kiotani giza limeshatanda, manyoya timutimu.

Mumewe alikuwa akimngoja. "Umepitia kwa nani, mke wangu?"

Bi Korongo akafungua mdomo, akaona haya kumtaja Upepo.