Kona ya Mama Kurwa

Salmini alikisogeza tena kile kiti cha plastiki, safari hii karibu zaidi na barabara, akarudi nyuma na kukitazama kwa jicho la fundi cherehani anayepima pindo.

"Hapa hapa, mama," alisema. "Hapa utamwona mkweo vizuri, na yeye atakuona."

Mama Kurwa akaketi, akatengeneza mtandio wake, akashukuru. Maishani mwake hakuwahi kualikwa kwenye mashindano ya pikipiki, tena na mtu wa Masasi, watani wakubwa wale. Binti yake Doto alisimama nyuma ya kiti akimshikia mwavuli. Doto hakualikwa. Alikuja mwenyewe, amejikwatua kama anakwenda arusini, hina mpaka kwenye vifundo vya mikono, na Salmini akamhurumia kwa vumbi litakalommwagikia muda si mrefu.

Kona hiyo ndiyo ya mwisho kabla ya mlima wa kuingia Newala. Anayeitoka akiwa mbele ndiye mshindi, maana huko juu njia ni nyembamba na hakuna wa kumpita mwenzake. Misimu mitatu mfululizo aliyeitoka mbele alikuwa Swalehe wa Newala. Misimu mitatu mashabiki wa Masasi walipanda na vuvuzela zao, wakashuka wamenuna.

Salmini alikuwa amechoka kuchekwa. Wiki iliyopita watu wa Newala walimtania dukani kwake mpaka mdomo ukamponyoka: Ashiru wa Masasi asiposhinda mbio hizi za kufungua msimu, yeye Salmini, mtu mzima na ndevu zake, atazunguka soko zima la Newala amejifunga khanga. Maneno hayo yalifika Nanganga kabla hajafunga duka. Kuna waliokwisha kumchagulia na khanga yenyewe.

Si kwamba Ashiru hakujiandaa. Tangu mvua zikatike kijana alikuwa hakauki Newala. Kila Jumamosi anapanda mlima asubuhi, anarudi jioni anang'aa uso, anasema anazizoea kona. Salmini alifurahishwa na bidii hiyo hata akamshonea jaketi la kijani bure. Lakini pikipiki ya Swalehe ilikuwa mpya, ya Ashiru ilikuwa ya kuombewa dua.

Ndipo Salmini alipokumbuka kwamba Swalehe ameoa. Amemwoa Kurwa. Na pande zote hizi, mlimani na bondeni, adabu ni moja: ukimkuta mama mkwe njiani hupiti umekaa juu ya chombo. Hata uwe umepakia magunia ya korosho, unashuka, unachuchumaa, unaamkia, na huondoki mpaka mwenyewe akuruhusu.

Asubuhi hiyo alimfuata Mama Kurwa nyumbani kwake, amevaa kanzu safi, akapiga hodi, akasema amekuja kumchukua akawaone vijana wakishindana. Mama aliitazama ile kanzu. Kisha akatabasamu.

"Mmefanya vizuri kuja kwa mlango wa mbele," alisema, akamwita Doto, wakanong'onezana kwa Kimakonde. Salmini hakuelewa, wala hakujali. Wakubwa wana maneno yao.

Sasa injini zilisikika bondeni. Mashabiki wakapiga kelele pande mbili za barabara. Kona ikatema vumbi, na kutoka vumbini akachomoza Swalehe, yuko mbele, peke yake, amelala juu ya tangi.

Akaona kiti.

Alifunga breki mpaka watu wakashika vichwa. Akashuka, akavua helmeti, akachuchumaa mbele ya mama yule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kurwa hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Na watoto?"

"Wazima, mama." Swalehe alitupa jicho nyuma.

"Na mguu wa baba yako, umepoa?"

Salmini alikuwa na raha isiyo na kifani. Angekuwa na uwezo angemwongezea mama maswali mengine. Mashabiki wa Newala walimlilia Swalehe ainuke, na Swalehe akabaki chini, jasho linamtiririka, akieleza habari za mguu.

Ndipo pikipiki ya Ashiru iliposikika ikikohoa. Kijana akatokea kwenye kona, jaketi la kijani limejaa upepo. Salmini aliruka juu kama mtoto, machozi yanamtoka.

"Pita, baba! Pita! Njia nyeupe!"

Ashiru aliinua kichwa. Akaona kiti, akaona mwavuli. Breki zikalia, pikipiki ikaserereka mpaka ukingoni mwa mtaro, ikazimika. Akashuka, akavua helmeti, akaja akachuchumaa kando ya Swalehe, chini zaidi kuliko Swalehe.

"Shikamoo, mama."

Nyuma ya kiti, Doto aliuteremsha mwavuli ukamfunika uso.

"Marahaba," alisema Mama Kurwa. "Swalehe, wewe nenda, mwanangu, nakujua."

Swalehe hakungoja kuambiwa mara ya pili. Injini yake ilinguruma, ikaukamata mlima, na Newala yote ikalipuka kwa shangwe. Ashiru hakugeuza hata shingo.

Mama Kurwa alimkagua kijana kuanzia viatu hadi nywele, taratibu, kama mtu mwenye mchana mzima mbele yake. Kisha akamtafuta Salmini kwa macho, akampungia mkono kwa upole.

"Kwa kweli, baba," alimwambia Ashiru, "umepata mshenga mwenye adabu. Amenifuata mpaka nyumbani, na kiti ameleta. Haya, mshenga, nawe sogea uchuchumae, tuanze."