Sauti ya Marehemu Mwalimu Mbwambo

"Kitendawili!" alisema Bi Nambua, huku akimenya ndizi.

Mjukuu wake Nakiete hakuitikia tega. "Niache, Bibi. Mimi kichwa maji. Mwalimu kasema."

Enzi hizo walimu walizikwa bila sauti zao. Serikali ilizitia kwenye vidude vya masikioni, zikaendelea kufundisha. Nakiete alipangiwa Mwalimu Mbwambo, yule yule aliyemwita bibi yake kichwa maji utotoni, bibi akaacha shule na kuliamini neno hilo mpaka akaota mvi.

Damu ikamchemka Bi Nambua. Akakichomoa kidude sikioni mwa mtoto, akakitupa kinuni, akanyanyua mchi. "Mimi ulinimaliza, Mbwambo. Huyu humpati, ng'o!"

"Nambua," ikasema sauti toka kinuni. "Kaa chini."

Magoti yake yakatii kabla mdomo haujakataa.