Mwezi wa Udongo

Juu ya mapaa watu walipiga kelele kwamba mwezi umeandama. Uani, Mwanakheri mfinyanzi alimpa bintiye Raya, aliyepofuka mwaka huo, donge la udongo la mviringo. Mashimo alikuwa ameyabonyeza kwa kidole gumba, milima akaifinya mmoja mmoja.

“Ndiyo milima ya mwezi aliyotwambia mwalimu?” Raya aliuliza, akipapasa.

“Ndiyo, mwanangu. Huu wako.”

“Na mwanga wake uko wapi, mama?”

Mwanakheri alilichukua donge, akalisogeza kwenye makaa mpaka likapata moto, akamrudishia.

Raya alilishika kidogo tu. “Hili jua, mama,” akasema. “Mwezi haukuwa na moto.”

Mwanakheri akalipakata, akawa analipuliza, analipuliza, lipate kupoa.