Moto Nyuma ya Kanisa

"Toa zote, Shangazi. Hata hiyo ya kwenye kilemba."

Shangazi alishtuka. Nani kamwambia? Mzee wa kanisa, fundi seremala waliyembandika jina la Jemadari, alikuwa mlangoni pake na ndoo iliyojaa sigara za waumini. Tangu asubuhi kazunguka mtaa mzima, hakusaza nyumba.

"Navuta moja tu kwa siku, jamani! Nikishakula cha jioni. Maandiko yenyewe yameruhusu mvinyo kidogo. Na kiasi si tunda la Roho, au mwenzangu una Biblia yako?"

"Tunda hilo halina kichungi," alijibu Jemadari. "Leo jioni tunachoma nyuma ya kanisa. Usipotoa, kwayani usikanyage."

Hapo alimpata pabaya. Shangazi hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na sauti ya pili kwenye kwaya, na hiyo sigara yake. Alidhani vyote viwili vingemsindikiza hadi kaburini. Alilia, akamtukana kimoyomoyo tusi ambalo lenyewe lilihitaji toba, kisha akafungua kilemba.

Jioni moto ukawashwa. Mchungaji akaomba, kwaya ikaimba, ndoo ikamiminwa. Moshi ukafuka, mzito kweli kweli.

"Rudini nyuma!" Jemadari alifoka. "Upande unaoendea moshi nitasimama mwenyewe. Huu si wa kuchezewa na wachanga wa imani!"

Watu wakamsifu kwa kujitoa mhanga, wakaenda zao kula. Shangazi akabaki. Hasira alikuwa nazo tele, lakini hata mbaya wako humwachi akafa kwa moshi huku unamtazama. Akazunguka moto, mtandio puani. Alimkuta kafumba macho, kifua kimetanuka, machozi yanamchuruzika, uso umelegea kama wa mtoto aliyeshiba maziwa ya mama.

"Toka hapo, baba, utakufa!"

Jemadari alifumbua jicho moja.

"Nilimwapia mke wangu, mkono juu ya Biblia, kwamba sitaweka tena sigara mdomoni," alisema, pua bado kaielekeza motoni. "Na sijaweka. Sogea huku, Shangazi, unatutosha wawili. Jumamosi ijayo tunawaendea wavuta kiko."