Kiraka cha Pazia

Jumba la sanaa la pale mjini lilipofunguliwa upya baada ya ukarabati, Mwanahawa alikwenda na bintiye Raya kula chakula cha mchana kwenye mkahawa wa ghorofani, uliokuwa ukisifiwa kila mahali. Njiani walipita ukumbi mpya, mweupe, ambamo shati moja la kiume lilining'inia ndani ya kabati la kioo.

Mwanahawa alilisogelea. Kwapani palikuwa na kiraka cha kitambaa cha pazia. Alikishona mwenyewe, asubuhi ile mumewe Shamte alipotoka kwenda kazini asirudi tena.

"Mama, twende, meza zitajaa," alisema Raya, ambaye baba yake alipotea yeye angali tumboni.

Mwanahawa akamgeukia mlinzi. "Kazi hii ya nani, mwanangu?"

"Ya mwenye jumba, mama. Kila kitu humu amekikusanya kwa mkono wake. Yuko juu, anakula."

Mwanahawa alimshika bintiye bega. "Kimbia nyumbani ukawaite baba zako wadogo. Usiniulize kitu."

Raya alipoondoka, Mwanahawa alipanda ngazi peke yake. Kwenye meza ya pembeni, mwanamume mnene mwenye mvi aliinuka, akamvutia kiti.

"Karibu, shemeji," alisema kwa upole. "Umekawia."

Mwanahawa hakuwahi kumwona mtu yule maishani mwake. Aliketi, macho hayabanduki kwenye ile mikono minene, iliyoanza kumkatia mkate taratibu.