Mguu wa Lueth

"Kanda na maji ya moto. Moto kabisa," Ekwam alimwambia Lueth bila kupepesa macho. Alikuwa ametumwa aseme maji baridi.

Lueth, kijana wa Kidinka wa kambi ya Kakuma, aliushika muundi wake uliovimba akashukuru. "Asante sana, ndugu yangu. Mwambie daktari Mungu ambariki."

Ndugu! Ekwam aliparamia lori akicheka moyoni. Alikuwa utingo wa lori la chakula cha msaada, Lodwar hadi Kakuma kila juma, na simu ya kambini haikuwa ya kina Lueth. Kwa hiyo Chelangat, aliyetibu viungo vya wanamichezo hospitalini Lodwar, alimtuma yeye kwa maneno ya mdomo.

Wivu ulimkaa Ekwam rohoni tangu mbio za mwaka wa tisini na sita. Miaka yote bingwa wa Lodwar alikuwa yeye. Akaja huyu mrefu, akamwacha nyuma mbele ya mama yake mzazi, na soko zima likapata la kusema: "Ekwam, mkimbizi amekukimbiza!" Mwaka huu mshindi angepelekwa kambi ya mazoezi Nairobi. Nafasi ni moja. Na Chelangat naye kila akimwona Ekwam ni Lueth tu. Lueth anakula? Lueth analala? Uvimbe wa Lueth umeshuka? Ala! Kwani wengine hawana miguu?

Juma lililofuata Akuch, binamu ya Lueth, alilazwa Lodwar na mtoto wake aliyevunjika paja. Ekwam aliwakuta wodini, Akuch na Chelangat, wakizungumza chini chini. Walipomwona wakanyamaza.

"Ekwam, nina neno la Lueth," Chelangat alisema. "Mwambie akimbie kila siku. Apande kilima, maumivu yasimtishe. Lakini hilo ni lake peke yake. Wewe endelea na mazoezi yako ya kawaida. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

Alisikia vizuri sana. Siri ya ushindi apewe mgeni, mwenye mji aambiwe aendelee na ya kawaida!

Kakuma alimkuta Lueth kivulini. "Ejok," alimsalimu, akachuchumaa karibu naye kwa huruma nyingi. "Daktari amekukataza kabisa usikimbie. Hata kidogo. Tembea tu, mpaka akutumie neno lingine."

Lueth aliinamisha kichwa, lakini alitii. Ekwam akarudi Lodwar na kuanza kupanda kilima alfajiri na jioni. Muundi wake ulipoanza kuuma alifurahi. Dawa hiyo inaingia, alijiambia.

Mtoto wa Akuch alipopona, ni Ekwam mwenyewe aliyempandisha mama juu ya magunia kumrudisha Kakuma. Alimchekesha njia nzima. Mashindano yalikuwa bado majuma kadhaa, na mtu mwenye furaha hana choyo.

Siku ya mbio Lueth alitoka mwepesi, akazidi kuwa mwepesi. Ekwam alimfuata akiuma meno. Nusu ya njia mguu wake uligoma, akaanguka mchangani, na shangwe alizozisikia kutoka mwisho wa mbio zilikuwa za jina la mwingine. Alilia kama mtoto, wala hakuona haya.

Chelangat alikuja mbio, akapiga magoti, akabonyeza muundi. Ekwam akapiga yowe.

"Mfupa umepata ufa," Chelangat alisema. "Nani alikwambia upande kilima na mguu unauma?"

"Si wewe! Si ndiyo maneno uliyomtumia Lueth?"

Chelangat alimtazama kwa huzuni ya kweli. "Aa, Ekwam. Akuch aliniambia ya maji ya moto, na ruhusa ya kukimbia nikampa yeye aipeleke. Wewe nilikutuma hivyo kwa sababu nilijua ukifika Kakuma utayageuza."